«Un plan simple»: wakati pesa inafanya nyumba yako ionekane ndogo

Kuko swali moja ambalo watu wa huku kwetu, tangu Kolwezi mpaka Kipushi, wanapenda kuulizana jioni wakati kazi imekwisha: «Kama leo unaokota mufuko ya dolare mu pori, kiisha hakuna mutu anakuona, utafanya nini?» Kila mtu ana jibu lake. Mmoja atajenga nyumba ya étage. Mwingine atalipa madeni na minerval ya watoto mpaka mwisho wa masomo. Wa tatu atanunua camion na kuingia katika biashara ya transport. Watu wanacheka, wanagombana kidogo juu ya bei ya camion, kiisha wanaenda kulala. Hakuna hata mmoja anayejibu: «Nitaua yaya yangu.»

Mwandikaji mmoja wa Marekani, Scott Smith, alichukua swali hilo hilo na kuliandikia roman nzima. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1993. Kwa Kifaransa inaitwa «Un plan simple». Mwaka 1998 Sam Raimi akatoa filme yenye jina lile lile, na labda wasomaji wengine waliiona ku televizyo bila kujua kwamba kuko kitabu nyuma yake. Sisi tunapendelea kitabu. Filme imekata mambo mengi, na yale iliyokata njo makali zaidi.

Ni roman ya polisi na damu, mtu anaanza jioni na kushtuka jogoo anawika. Lakini hatuandiki juu yake leo kwa sababu ya damu. Tunaandika kwa sababu inaonyesha namna gani kutoridhika kunaingia ndani ya nyumba ya watu wa kawaida, watu wanaoamka asubuhi na kwenda kazini, na kuibomoa kutoka ndani kama maji yanavyobomoa shimo lisilo na miti ya kulishikilia.

Tunaonya mapema: tutaeleza mambo mpaka mwisho. Mwenye hataki kujua, asome kitabu kwanza, kiisha arudi kwetu.

Watu watatu nyuma ya imbwa

Mambo yanafanyika katika sehemu ya mashamba ya jimbo la Ohio, huko Marekani, wakati wa theluji. Hank Mitchell ni comptable katika duka linalouzia wakulima mbegu na chakula cha mifugo. Ana bibi, Sarah, mwenye mimba ya mtoto wao wa kwanza. Ana nyumba, ana gari, ana mshahara. Kwa lugha ya hapa kwetu: Hank haiko tajiri, lakini haiko maskini pia. Ni mtu ambaye majirani wanasema juu yake: «Ule, mambo yake inaenda.»

Yaya yake Jacob ni mtu mwingine kabisa. Mnene, hana kazi ya kudumu, hana bibi, anaishi peke yake na imbwa wake. Rafiki yake mkubwa ni Lou, ambaye naye hana kazi, na siku nyingi wote wawili wanazimaliza mbele ya chupa. Hank anamwonea yaya yake haya, Jacob anajua, na hakuna anayesema kitu. Jamaa nyingi zinaishi vile.

Baba yao alikuwa mkulima. Madeni yakamshinda, shamba likaenda, kiisha yeye na mama wakafa katika ajali ya gari. Kila siku ya mwisho ya mwaka, watoto wawili wanaenda kutazama kaburi. Njo sababu ile siku ya 31 Desemba ndugu hawa wasiopatana wako ndani ya gari moja, Lou pamoja nao. Mbweha anakata barabara. Imbwa wa Jacob anamkimbilia mu pori, na wanaume watatu wanafuata imbwa. Ndani ya pori wanakuta ndege ndogo imeanguka na kufunikwa na theluji. Rubani amekwisha kufa, kunguru wanamla macho. Ndani kuko mfuko, na ndani ya mfuko kuko noti za dola mia mia. Jumla: 4 400 000.

Lou na Jacob wanataka kugawa palepale. Hank anataka kuita polisi. Tunaomba msomaji asipite hapa haraka: mtu atakayeua wengi kuliko wote katika kitabu hiki njo yule aliyetaka kurudisha pesa.

Kiisha Hank anaanza kufikiri kama comptable. Pesa nyingi vile, ndani ya mfuko, bila mwenyewe: bila shaka ni ya watu wa madawa ya kulevya, na hakuna maskini atakayelia juu yake. Anatoa masharti. Mfuko utakaa kwake. Hakuna mtu atagusa noti hata moja. Watangoja theluji iyeyuke na ndege ionekane. Kama hakuna mtu anatafuta pesa, watagawa sehemu tatu, na kila mmoja atahama mbali. Hatari ikitokea, Hank atachoma yote. Huo njo mpango rahisi ambao kitabu kimechukua jina lake. Kwa hesabu ya haraka, kila mmoja angepata dola 1 466 000 na kitu juu. Wanaume watatu wanakubali, na wanarudi nyumbani wakiwa bado hawajafanya ubaya wowote isipokuwa kuokota.

Usiku wa kwanza

Sehemu tuliyoisoma mara mbili haina bunduki. Ni usiku ule, Hank amefika nyumbani. Kwanza anamuuliza bibi yake kwa maneno tu, sawa vile watu wanavyoulizana huku jioni: kama mtu anaokota pesa nyingi, afanye nini? Sarah anajibu bila kufikiri sana: kupeleka kwa polisi, kuchukua ni wizi. Kiisha Hank anamwaga noti mbele yake. Na Sarah, mwanamke mtulivu, mwenye akili kuliko bwana yake, anabadilika. Hapigi kelele, hachezi. Anaanza kupiga hesabu.

Wengine wangesema hapa «tamaa mbele, mauti nyuma» na kufunga kitabu. Sisi tunaona methali hiyo haifiki ndani kabisa. Tamaa tunayoizoea ni ya mtu anayekosa: hana chumvi, anatamani chumvi, akiipata, anatulia. Hank na Sarah hawakukosa chumvi. Asubuhi ya siku ile walikuwa watu wawili wanaongoja mtoto. Kutoridhika hakukuwapeleka ku pesa. Pesa njo ilileta kutoridhika, na ililetea hata siku zilizopita. Mbele ya mfuko, mshahara ulikuwa mshahara. Nyuma ya mfuko, mshahara ule ule umekuwa kidogo, umekuwa kidogo tangu zamani, na watu wanashangaa namna gani waliweza kuishi nao. Nyumba imekuwa ndogo. Duka la mbegu limekuwa gereza. Hakuna kitu kimoja kilichoondoka ndani ya ile nyumba, lakini wenyewe wanaitazama sasa kama matajiri waliofilisika, na ule utajiri hawajaula hata siku moja.

Njo maana hawawezi tena kurudisha. Jana, kurudisha mfuko kungekuwa kurudi pale walipokuwa. Leo, kwao, kurudisha ni kunyang'anywa.

Kitabu kinasemwa kwa sauti ya Hank mwenyewe, na anasema kwa utulivu wa mtu anayefunga hesabu za mwisho wa mwezi. Kila hatua ina sababu yake nzuri. Ukisoma, unakubali: ndiyo, hapa hakuwa na njia ingine, ndiyo, hata hapa. Mpaka unashtuka unakuta umefuata muuaji kurasa mingi na ulikuwa unamsaidia kuhesabu.

Wasomaji wetu wa Kolwezi wanajua jambo hili bila kuhitaji Ohio. Mwaka 2014 mtu mmoja wa kartiye Kasulo alichimba ndani ya parcelle yake na kukuta mawe yenye kobalti ya nguvu. Haikupita muda, kartiye ikawa mashimo: watu walichimba ndani ya nyumba, chini ya kitanda, chini ya barabara, mpaka mwaka 2017 wakubwa wa jimbo wakahamisha sehemu ya wakaaji na kuzungusha ukuta. Hatusemi wale watu walikuwa na tamaa. Mtu mwenye mtoto amefukuzwa masomo juu ya minerval, na mawe iko chini ya miguu yake, afanye nini? Tunasema kitu kingine. Nyumba ambayo jana ilikuwa nyumba, yenye sebule, yenye picha ya ndoa ukutani, leo ilikuwa kifuniko cha shimo. Ukuta ni ule ule. Macho njo yaligeuka.

Tena mwaka 2018 bei ya kobalti ku soko la London ilipita dola 90 000 kwa tani. Mwaka uliofuata ikashuka chini ya 30 000. Bei ya mawe ku dépôt ilishuka pia. Lakini ndani ya vichwa vya watu haikushuka. Mpaka leo kuko watu wanaopima kila siku ya kazi kwa kilo ya mwaka 2018. Mtu anarudi na franga ya unga, ya mafuta, hata ya kuweka kidogo pembeni, na anakaa mlangoni kama mtu aliyeibiwa. Bibi yake anamuuliza: «Leo ilikuwa mubaya?» Haikuwa mbaya. Ilikuwa siku ya kawaida iliyowekwa karibu na siku moja isiyorudi.

Hapa tuseme wazi, maana wakubwa wanapenda kutumia neno «kutoridhika» kwa faida yao. Mchimbaji anayesema bascule ya dépôt inamuibia, au Metorex inasoma teneur ya mawe yake chini, au mtu wa sous-traitance anayefanya kazi ile ile ya mwenzake kwa nusu ya mshahara, hao hawana ugonjwa wa Hank. Wanadai haki yao, na wanajua mahali madai yao yanaishia: mizani iseme kweli, basi. Mtu anayewaambia «muridhike na kile Mungu alibapa» huku mkono wake uko juu ya mizani, huyo tungependa asome kitabu hiki kabla ya wengine wote.

Nani anashika mfuko

Ba-creuseur wanafanya kazi kwa équipe, na kila équipe inajua kwamba saa ya hatari haiko ndani ya shimo tu. Kuko saa ingine, ile ya kutoka dépôt na kugawa. Nani alihesabu? Nani alisimama karibu na négociant? Kwa nini fulani alibaki nyuma dakika tano? Kwa upande huu roman ya Scott Smith ingeweza kuandikwa na mtu wa carrière.

Watu watatu, mfuko mmoja, lakini kila mmoja anakosa kitu tofauti. Lou ana madeni na hawezi kungoja. Kwake miezi sita ni kama miaka. Hank anataka maisha mengine kabisa, mbali, ambayo hana hata picha yake vizuri. Na Jacob, yule ambaye wote wanamwona mjinga, anataka kitu kimoja chenye jina na mipaka: kununua tena shamba la baba yake na kukaa pale. Hank anaona huo ni wazimu. Watu watauliza mtu asiye na kazi alipata wapi pesa ya shamba, na wote wataanguka. Ana haki, kwa hesabu. Lakini kati ya wote watatu, Jacob peke yake ana njaa ambayo pesa ingeweza kuishibisha. Sisi tunaona hapo njo moyo wa kitabu, na mwandikaji hasemi kitu juu yake. Anaacha Jacob aongee juu ya shamba, na Hank amkatize.

Mtu wa kwanza kufa anakufa siku ambayo walienda kurudisha pesa. Ni akili ya Sarah. Anasema: kama polisi watakuta ndege bila kitu, watatafuta wezi, wakikuta 500 000 ndani yake, watafikiri ni pesa yote na hawatauliza. Ni wazo zuri. Hank na Jacob wanarudi ku pori asubuhi, na mzee mmoja mkulima, Dwight Pederson, anapita juu ya pikipiki ya theluji akifuata nyayo za mbweha. Jacob anaogopa, anampiga. Wanafikiri amekufa. Hank anambeba ili amtupe ku mto, ionekane ajali. Njiani mzee anafungua macho. Hank anamziba pumzi kwa kitambaa cha shingo mpaka anakufa kweli.

Mzee hakuwa amegusa pesa yao. Hakuwa ameona pesa. Hata ndege, hatujui kama aliiona. Aliuawa kwa sababu angeweza kusema siku moja kwamba aliona wandugu wawili mahali fulani. Hank hakuua ili apate, aliua asipoteze. Mtu anayetafuta kuna siku anachoka, anaacha, anaenda kufanya kitu kingine. Mtu anayeogopa kupoteza kitu ambacho hata hakuwa nacho wiki iliyopita, huyo halali.

Mengine yanafuata kama udongo unavyoanguka. Jacob, ambaye hawezi kuficha kitu kwa rafiki yake, anamwambia Lou. Lou sasa ana kamba ya kumfunga Hank: anadai sehemu yake mapema, au atasema juu ya mzee. Sarah anapata wazo lingine: wamnyweshe Lou, wamfanye aseme kwa mchezo kwamba ni yeye aliyemuua Pederson, na wanase sauti yake ku kaseti. Wanafanya vile. Lou anaelewa kwamba amechezewa, anachukua bunduki, na Jacob, ili kumwokoa mdogo wake, anampiga risasi rafiki yake wa pekee duniani. Usiku ule ule Hank anaua mwanamke wa Lou, kiisha mwenye nyumba, na kupanga maiti ili polisi wafikiri ni mambo ya wivu. Jacob amekaa, analia, hawezi kusaidia. Hank anamtazama na kuhesabu: huyu atasema. Anampiga risasi yaya yake.

Ndani ya filme Jacob mwenyewe anaomba afe, ionekane karibu kama huruma. Ndani ya kitabu haombi. Tunafikiri watu wa filme waliogopa, na tunawaelewa. Mtu amelipa tikiti yake, anataka kutoka akimpenda Hank kidogo. Kitabu hakikuogopa.

Kabla ya kufa, Jacob alikuwa amemwambia Hank kitu kimoja juu ya wazazi wao. Ile ajali ya gari haikuwa ajali. Baba alifanya makusudi, juu ya assurance ilipe madeni. Hank, mtoto aliyesoma, mtu wa hesabu, hakuwahi kujua; Jacob, asiyejua hesabu, alibeba jambo hilo miaka yote peke yake.

Juu ya Sarah

Tunajua tayari kile wanaume wengi watasema wakifika hapa: «Unaona? Ni bibi njo alimuharibisha.» Tumesikia neno hilo ku misiba, ku nyumba za palabre, kila mara mwanaume anapoteza kitu. Kweli, mipango mingi inatoka ku kichwa cha Sarah. Yeye njo anaona mbali, yeye njo anasema rudisha sehemu, nasa sauti. Lakini nani alimwaga pesa mbele yake? Alikuwa amekwisha kutoa jibu, na jibu lilikuwa zuri. Hank hakuuliza ili apate shauri. Aliuliza ili asiwe peke yake. Na kutoka siku ile, nyumba yao, ambayo inapaswa kuwa mahali mtu anavua viatu, inakuwa ofisi. Wanaongea paka juu ya nani anajua nini. Mtoto anazaliwa, msichana, wanamwita Amanda, na hata furaha ya mtoto inapimwa kwa ule mfuko: atakuwa nani na pesa, atakuwa nani bila pesa. Ni watu wanaopendana, mwandikaji hatuachi tukatae hilo. Hakuna mahali wanapopigana au kutukanana. Labda ingekuwa heri wangetukanana.

Noti moja

Pesa haikuwa ya madawa. Ilikuwa ya msichana aliyeibwa ku jamaa ya watu matajiri. Jamaa ililipa, na msichana akauawa hata hivyo. Kwa hiyo kulikuwa mtu aliyelia juu ya ile pesa, na alilia sana, wakati Hank alikuwa anajiambia haina mwenyewe. Mtu mmoja anatokea akijidai ni wa polisi ya taifa, anatafuta ndege. Ni mmoja wa wale waliomuiba msichana. Mkubwa wa polisi wa mji wao, Carl Jenkins, mtu mwema aliyemfariji Hank ku kifo cha yaya yake, anaandamana naye mu pori bila kujua, na anauawa pale mbele ya ndege.

Hank anasikia kutoka kwa polisi wa kweli jambo la mwisho. Kabla ya jamaa kulipa, numero za sehemu ya noti ziliandikwa. Zipi, hakuna mtu ataweza kujua kwa kuzitazama. Kila duka, kila banki inaweza kuwa mtego. Maana yake, mfuko wote ni karatasi.

Basi Hank anarudi nyumbani na kumwambia Sarah, na Sarah anakuwa kimya. Siku ile, ili wafurahie kwamba hatari imepita, alikuwa amenunua chupa ya shampeni. Alilipa kwa noti ya mia moja.

Hank anachukua panga na kufunika uso, anaenda ku lile duka ili noti irudi. Hatutaeleza kila kitu cha sehemu ile. Ni mbaya kuliko zote zilizotangulia, juu ya Hank hakuwa tena na woga wala hasira, alikuwa tu na kazi ya kumaliza. Muuzaji anakufa. Mwanamke mmoja mzee aliyeingia kununua kitu, naye anakufa. Wote wawili hawakusikia hata siku moja juu ya ndege, wala mfuko, wala jina la Hank Mitchell. Noti inarudi nyumbani.

Kiisha bwana na bibi wanakaa mbele ya moto na kutia pesa ndani, kidogo kidogo, maana noti zilizofungwa pamoja haziungui vizuri, lazima kuzitenganisha. Mtoto analala. Moto unapozimika, Hank bado ni comptable wa duka la mbegu, na mshahara wake ni ule ule.